Siku Umati Ulipongoja Kipepeo

Katika bustani ya mama mdogo, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, sijawahi kuona kipepeo akifa kwa uzee. Wale weupe wanaotaga mayai kwenye kabichi, mama mdogo anawapiga kwa kandambili mpaka wanabaki unga juu ya jani. Watoto wa jirani wanawafukuza kwa matawi ya mikaratusi, na anayeangusha wengi anashangiliwa. Kuku wanawameza wazimawazima. Siku moja nilimkuta vunjajungu amemkamata mmoja wa rangi ya chungwa, anamtafuna kuanzia kichwani, na mabawa bado yalikuwa yanafunguka na kufungika. Nililala chini nikapiga picha mpaka mabawa yakaanguka. Ni picha nzuri kuliko nyingine zote nilizonazo, na siionyeshi kwa watu.

Nilianza kupiga picha kiangazi kile nilipofika kutoka upande wa Beni. Baba alikatwa kwa mapanga katika shamba letu la kakao, asubuhi, wakati watu wanavunja maganda na kutoa mbegu. Mama alikuwa amekufa zamani kwa ugonjwa. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliagiza niletwe, nikaja nyuma ya lori la mbao na nguo moja. Shule niliiacha nilipomaliza mwaka wa sita wa msingi, basi kazi yangu ikawa bustani: kumwagilia, kupalilia, kufukuza kuku. Yeye anauza kabichi, karoti na vitunguu sokoni. Aliponunua simu mpya alinipa ile ya zamani. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini bado ilipiga picha vizuri.

Mimi si mtu wa maneno. Mgeni akiingia uani, ninapita nyuma ya nyumba. Hata kanisani, wakati wa kupeana mkono wa amani, ninainamisha kichwa kana kwamba bado ninasali. Kipepeo hakuulizi unatoka wapi, wala ni nani aliyekufa kwenu. Anataka tu usitikisike. Nilijifunza kumjia kwa tumbo, uso wangu ukielekea jua ili kivuli changu kisimwangukie, viwiko vimesimama, simu mbele ya pua, pumzi imekatwa. Siafu walishanila hivyo mapajani nami sikusogea, kwa sababu yule mkubwa mweusi mwenye mkanda wa kijani alikuwa ndiyo kwanza ametua.

Mama mdogo akinikuta hivyo alikuwa ananirushia matusi kama mtu anayerusha maji ya kuoshea vyombo, akinilinganisha na vijana wanaosukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo.

"Benzako bako nasukuma chukudu, banaleta sabuni na chumvi ku nyumba! Weye unalala na bidudu! Utaoa kidudu?"

Nilikuwa ninacheka ndani ya majani, bila sauti.

Nieleze sasa jambo la filimbi, maana bila filimbi siku hii isingekuwapo. Katika mtaa wetu, filimbi ikilia, kila nyumba inatoa mtu, na mtu huyo hatoki mikono mitupu. Anabeba mpini, jiwe, mchi, chochote. Wanawake wanaobaki wanagonga sufuria. Ilianza kwa sababu ya wezi wenye bunduki, na habari za Beni zilipozidi ikawa kali zaidi, kwa sababu kila mtu alikuwa na hakika kwamba wachinjaji wa kule, wale waliomkata baba, hutuma kwanza watu wa kuchunguza. Nyumba isiyotoa mtu, kesho yake inaulizwa: ninyi mlikuwa mnamficha nani? Kabla ya siku ninayoisimulia nilikuwa nimeshaona mwizi wa mbuzi akichomwa kwenye njia panda. Walimvika tairi shingoni. Harufu ilikaa kwenye shati langu hata baada ya kulifua.

Chini ya bustani yetu kuna ua wa majani, na nyuma ya ua ardhi inashuka mpaka kwenye kijito. Maji ya kufulia yanapita pale na udongo unakaa na unyevu hata wakati wa kiangazi. Vipepeo wanakuja kunywa kwenye tope, wengi pamoja, wameshikamana. Ng'ambo ya kijito kuna kilima, na juu ya kilima basoda, yaani askari wa jeshi, wamepiga mahema yao. Mimi mahema sikuyaona. Ninasema kweli, niliyaona kama mtu anavyoona mawingu. Macho yangu yalikuwa kwenye tope.

Asubuhi ile nilipita ndani ya ua nikalala pale chini. Jua lilikuwa kali. Nilipiga picha za kutosha, nikarudi bustanini, nikaanza kumwagilia karoti. Ndipo nikasikia filimbi upande wa barabara, na mara hiyohiyo sufuria zikaanza kulia nyumba kwa nyumba. Mama mdogo alikuwa sokoni. Nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja tu wa kutoa, ndiye mimi. Nilitia simu mfukoni, nikang'oa mpini kwenye jembe, nikakimbia.

Aliyepiga filimbi alikuwa jirani yetu, mwanamke anayekaanga mikate ya ndizi mbele ya nyumba yake. Watu wengi walikuwa wamemzunguka. Alikuwa anahema.

"Nimemuona na macho yangu! Chini kule, pembeni ya kijito! Analala mu majani, ako na telefone, anaangalia kambi ya basoda!"

"Ni mutu wa namna gani?" Aliyeuliza ni kijana mmoja wa taxi-moto anayeegesha pikipiki yake pale kila siku. Tangu nifike mtaani alikuwa ananiita "Monsenyeri", yaani askofu, kwa sababu sisemi.

"Sikuona sura. Niliona mugongo na ile telefone. Alikuwa hivi."

Na pale barabarani, katika vumbi, yule mama alilala kwa tumbo. Alisimamisha viwiko. Akaweka mikono mbele ya pua, akainua kichwa kidogo, akatulia. Watu wote walimtazama. Nami nilitazama, mpini mkononi, na nilijiona mwenyewe pale chini nimelala katika kitenge.

Nilitaka kusema pale pale, na neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini watu walikuwa wameshageuka, kelele moja, wakateremka kwa njia inayopita pembeni mwa bustani yetu, nami nikachukuliwa katikati yao kama kijiti kwenye maji ya mvua. Nilikuwa ninakimbia pamoja na watu kwenda kumtafuta mtu, na mtu huyo ni mimi. Wakati ninakimbia nilijisemea, vema, hawatakuta mtu, watachoka, watarudi.

Walimkuta mtu.

Alikuwa amesimama kwenye njia ya kijito, shati jeupe, viatu safi, amenyoosha mkono juu na simu mkononi, anazunguka taratibu, anatafuta mtandao. Kila mmoja wetu anajua kwamba pale kwenye mteremko mtandao unapotea. Lakini hakuna aliyeona mtu anayetafuta mtandao. Waliona mgeni, simu, na kambi ng'ambo. Jiwe la kwanza lilimpiga begani. Aligeuka na uso wa mtu anayefikiri ni mchezo wa watoto. La pili lilimpiga kinywani.

"Nazali molakisi!" alipiga kelele. "Mimi mwalimu! Mwalimu!"

Hiyo Lingala ndiyo ilimmaliza. Alikuwa mwalimu kweli, ametumwa kutoka mkoa wa mbali kufundisha hapa, ana muda mfupi tu mtaani, Kiswahili chake hakijakaa mdomoni na Kinande, lugha ya hapa, hajui hata salamu. Baadaye tulijua hayo yote. Saa ile tulijua tu kwamba hakuna anayemjua.

"Mwalimu wa kufundisha nini? Kukata batu?"

"Nani anamujua huyu? Nani?"

Walimwangusha. Sitaki kueleza kila pigo, lakini sauti ninaikumbuka, sauti ya mpini juu ya mgongo, ni kama kupiga godoro lililolowa maji. Mkono wake mmoja ulivunjika nikiwa ninautazama. Ulikuwa unakinga kichwa, kisha ukawa umekaa vibaya. Basoda kule kilimani walisikia kelele wakafyatua risasi hewani. Watu wote wakajitupa chini, yeye alikuwa tayari chini, na kwa kitambo kidogo tulikuwa sote tumelala pamoja katika majani, wapigaji na mpigwa. Kisha wakainuka wakaendelea.

Kijana wa taxi-moto alikuwa amepanda mteremko mbio, akarudi na tairi na chupa ya petroli. Na hapo ikaanza ile desturi ambayo watu wa mtaa wetu wanaijua na hawaisemi: kabla ya moto, kila mtu apige. Kila mtu aliye pale. Kwa namna hiyo hakuna atakayekwenda kesho kumshitaki mwenzake, maana wote wamegusa. Walijipanga duara. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alipiga teke. Mzee wa kuuza mkaa alipiga kwa fimbo, kidogo, akitazama pembeni. Zamu ilikuwa inakuja upande wangu.

"Monsenyeri! Piga nawe. Uko na mpini ya bure?"

Yule mwalimu alikuwa ananitazama. Jicho moja lilikuwa limefungwa na damu. Hakuniomba kitu. Nafikiri alikuwa anatazama mpini tu.

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri sauti yangu.

"Piga, acha kutetemeka!"

"Ni mimi. Aliyelala pale. Ni mimi."

Kijana wa taxi-moto aliinama karibu na uso wangu, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Unasema je?"

"Yule mutu mama wa filimbi alimuona. Ni mimi. Huyu hakuwa hapa."

Alicheka kwa nguvu, akawageukia wengine. "Sikieni Monsenyeri! Hasalimiake batu hata mbote, leo anataka kufa ku nafasi ya mutu!"

Wakacheka. Ndiyo, walicheka, na tairi liko pale. Niliutupa mpini, nikatoa simu mfukoni, nikaifungua nikampa. Vidole vyangu vilikosea mara nyingi kabla haijafunguka. Alianza kutelezesha picha. Kipepeo. Kipepeo. Kipepeo juu ya ua la njano. Kipepeo kwenye tope. Watu walisogea kutazama juu ya mabega yake.

"Bipepeo tupu," alisema.

"Nani anapiga picha ya kidudu?" mtu aliuliza nyuma. "Kuna mutu wa akili anaweza kufanya hivi? Kuna kitu anaficha chini."

"Rudisha ile. Hapo. Hapo nyuma!"

Katika picha moja, nyuma ya vipepeo wanaokunywa, kwa mbali, kulikuwa na kitu cha kijani kisichoonekana vizuri. Kijana aliikuza kwa vidole. Yalikuwa mahema.

"Kambi! Kambi hii hapa!"

Kofi la kwanza lilitoka nyuma, sikumwona aliyelipiga. Kisha nikawa chini, karibu kabisa na mwalimu, uso kwa uso. Nilipigwa teke mbavuni nikasikia kitu ndani kinalia. Nilikuwa nimefikiri nikisema kweli watamwacha yeye wanichukue mimi, au watatuacha wote. Sikuwaza kwamba wanaweza kutuchukua wote wawili.

"Bamoja tu! Bako pamoja! Tafuteni tairi ingine!"

Ndipo mama mdogo akafika. Alisikia sufuria tangu sokoni, akaacha kabichi zake chini. Aliingia katika watu kwa viwiko, kitambaa cha kichwa kimeanguka, nywele wazi.

"Mutoto wa dada yangu! Muko namuua mutoto wa dada yangu! Baba yake bamemukata ku Beni na ninyi munamalizia hapa?"

"Mama, huyu anapiga picha ya kambi."

"Kambi gani? Huyu ni mujinga wa bipepeo! Kila siku analala mu kabichi zangu, kila siku ninamutukana juu ya ile! Hamunisikiake? Avenue muzima hainisikiake?"

Wengine walikuwa wamemsikia. Nikaona mmoja anakunja midomo ili asicheke. Lakini kijana wa taxi-moto alitikisa kichwa. "Weye ni mama yake. Utasema nini ingine?"

Kelele ziligawanyika. Wengine walisema tuachwe tupelekwe kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa. Wengine walisema chef atatuuza kwa polisi na kesho tutakuwa tumeachiliwa, tunarudi na wachinjaji. Chupa ya petroli ilikuwa imefunguliwa, nilikuwa ninaisikia puani. Yule mama wa mikate ya ndizi ndiye aliyeinua mkono. Alikuwa bado na vumbi tumboni.

"Nyamazeni. Mimi ndiye nilipiga filimbi, basi mimi niseme. Niliona mutu analala, sikuona sura. Huyu mutoto anasema ni ye, na anasema ni juu ya bipepeo. Sawa. Alale. Apige picha ya kipepeo hapa, mbele yetu. Kama ni kazi yake, tutaona. Kama anadanganya, tairi iko."

"Na huyu mwalimu?"

"Kama ni mutoto nilimuona, basi mwalimu sikumuona."

Ni neno dogo, lakini watu walilikubali. Sijui kwa nini. Labda mikono ilikuwa imechoka. Kijana alinirudishia simu kama mtu anayempa mgonjwa dawa asiyoiamini.

Nilijikokota mpaka kwenye tope. Hakukuwa na hata kipepeo mmoja. Tungepataje kipepeo? Watu wamekanyaga pale pote, wamerusha mawe, wamepiga kelele. Nililala kwa tumbo mahali pangu, ubavu ukiniuma mpaka macho yakatoa maji. Nikasimamisha viwiko.

"Bako wapi, bipepeo?" mtu aliuliza.

"Hawatakuja mukisimama hivyo," nilisema. Nilisema kwa sauti yangu ya siku zote, na safari hii walinisikia, kwa sababu walikuwa wananisikiliza. "Mukae chini. Musisogee. Musiseme."

Na walikaa. Mimi mwenyewe nisingeamini kama nisingeona. Watu wote wale, na mawe yao mapajani, mipini magotini, tairi katikati, wakakaa kwenye majani ya mteremko. Mama mwenye mtoto mgongoni alimshusha akampa titi ili asilie. Mzee wa mkaa alizuia kikohozi kwa mkono. Mtu mmoja alijikuna, jirani yake akamkanya kwa jicho. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti, midomo yake inasema rozari bila sauti. Tulisikia kijito. Tulisikia mwalimu anavyopumua, pumzi yenye maji ndani.

Kisha wingu likaziba jua.

Kipepeo haruki bila jua. Mimi nilijua, wao hawakujua. Nililala pale ninatazama tope lililopoa na sikumwambia mtu. Wingu lilikuwa kubwa. Nilisikia nyuma yangu mtu anaanza kunong'ona, na jiwe linagonga jiwe lingine, na kijana wa taxi-moto anasema polepole, "Monsenyeri, tunachoka." Nilikuwa ninaomba, lakini sikumbuki maneno. Niliuma kidole gumba ili nisitikisike.

Jua lilirudi kwanza juu ya kilima cha basoda, likashuka, likavuka kijito, likatufikia. Tope likaanza kutoa mvuke. Tulingoja. Akatokea mmoja, mkubwa, mweusi mwenye mkanda wa kijani, akazunguka juu ya vichwa vya watu, na watu wakamfuata kwa macho, vichwa vyote vikageuka pamoja. Alishuka kwenye tope. Hakutua. Alinipita mimi. Akaenda kutua juu ya mwalimu.

Alitua kwenye mkono wake uliovunjika, mahali damu ilipokuwa imeanza kuganda. Akafungua mabawa, akafunga. Akakunjua ulimi wake, ule uzi mweusi, akautia kwenye damu akaanza kunywa.

Mwalimu alimwona. Jicho lake zima lilikuwa linamtazama kutoka karibu, na mwili wake wote ulikuwa unatetemeka isipokuwa ule mkono. Aliutuliza ule mkono. Namna alivyoutuliza, ukiwa umevunjika, mimi sijui. Nilitambaa kumwendea kwa viwiko, jua usoni, pumzi imekatwa. Akaja wa pili, wa rangi ya chungwa, akatua pembeni ya kinywa chake. Nilipiga picha. Nikapiga nyingine. Katika ile ya pili unaona bawa, na nyuma ya bawa meno yaliyovunjika, na mbali zaidi miguu ya watu, viatu na kandambili, na tairi.

Yule mama wa filimbi alikuja kwa magoti nyuma yangu, akatazama kwenye kioo, kisha akanitazama mimi, mgongo wangu na viwiko vyangu.

"Ni ye," alisema. "Ni huyu nilimuona."

Alifungua mkono, jiwe lake likaanguka kwenye majani. Vipepeo wakaruka.

Watu hawakuomba msamaha. Waliondoka mmoja mmoja, kwa njia ya juu na kwa njia ya chini, wakiburuta mipini yao kama watu wanaotoka shambani. Mmoja, sikuona ni nani, alimpiga mwalimu teke la mwisho kwa kupita, kana kwamba teke lile alikuwa ameshaliandaa na hakujua pa kuliweka. Mama mdogo alivua kitenge chake cha juu akamfunga mwalimu kichwa.

Kijana wa taxi-moto alibaki. Alisimama na chupa mkononi, anatazama tairi, anatutazama sisi.

"Nani atamufikisha ku hopitali?" mama mdogo alimuuliza. "Mimi? Mu mugongo?"

"Kiti yangu itajaa damu."

"Kiti yako!" Alimsogelea mpaka kifuani. "Kiti yako unaihurumia?"

Alileta pikipiki akiisukuma. Tangi lilikuwa limekauka. Alimimina humo ile petroli ya chupa, yote, mpaka tone la mwisho, bila kututazama. Tulimpandisha mwalimu katikati, mama mdogo nyuma akimshikilia, wakaondoka polepole kwa njia ya mteremko. Mimi nilipanda kwa miguu, mkono kwenye mbavu. Barabarani yule mama alikuwa ameanza tena kukaanga. Aliniita akanipa mikate miwili ndani ya karatasi. Nilichukua. Niliila nikiwa ninalia, na ilikuwa ya moto na mitamu.

Mwalimu hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, na alipotoka aliomba kurudi mkoani kwao. Kabla ya kuondoka alikuja kwetu, mkono umefungwa kwenye kitambaa, jicho moja limeingia ndani. Mama mdogo alimpa kiti uani, akamletea chai, akarudi jikoni haraka maana hakuweza kumtazama. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Aliniita kwa mkono mzima.

Nilikaa mbali kidogo. Alikunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha alisema kwa Kiswahili chake cha kubomoka:

"Mara ya kwanza, mimi nilisikia weye."

Sikuelewa.

"Ulisema 'ni mimi.' Bale bengine hapana sikia. Mimi nilikuwa chini, nilisikia. Ulisema kama mutu anaongea na kabichi." Alitabasamu, nikaona mapengo. "Nilijisemea, huyu petit, huyu mutoto, atasema tena ama atanyamaza? Nikangoja. Ile kungoja ilikuwa mubaya kupita fimbo."

Nilitazama ardhi.

"Sasa sema. Sema vile ulipaswa kusema siku ile."

"Ni mimi," nilisema.

"Hapana sikia."

"Ni mimi."

"Petit. Bako na petroli. Hapana sikia."

Kitu kilinipanda, sijui kilikuwa hasira au aibu au baba yangu. Nilisimama nikapiga kelele, "Ni mimi!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka kuku wakakimbia na mbwa wa jirani akabweka.

Kikombe kilianguka. Mwalimu alikuwa ametoka kwenye kiti, amechuchumaa chini ukutani, magoti kifuani, mkono mzima juu ya kichwa na ule uliofungwa unahangaika kupanda. Jicho lake lilikuwa limefumbwa. Mama mdogo alitoka jikoni mbio na mwiko.

"Ni nini? Nani ameshikwa?"

Mwalimu alikohoa, na kutoka kule chini alijibu, sauti yake ikitetemeka:

"Hakuna, mama. Ni bien, iko sawa. Sasa nimesikia."

Lakini mkono hakuushusha. Nilikwenda nikachuchumaa pembeni yake, bila kumgusa, tukangoja hivyo mpaka alipoweza kuushusha mwenyewe.